Mama wa Mafaili Asiyesalimia Sokoni

Kabla sijawa mzee wa kufagia zahanati, nilikuwa mtoto wa kulinda uwele juu ya paa. Waliozaliwa kwenye nyumba za bati hawatanielewa, basi niwaeleze. Kwetu nyumba ilikuwa tembe, paa lake la udongo, bapa kama meza, na mavuno yalipandishwa huko juu kuanikwa. Kazi yangu ilikuwa kukaa na fimbo ndefu na kufukuza kuku na ndege. Kazi nzuri sana ile. Ukiwa juu unaona kijiji chote, unajua nani kachinja na nani kanuniana na mkewe, na hakuna anayekuuliza umeona nini. Nadhani umbeya wangu ulianzia huko. Sitaficha, mimi ni mtu wa kupenda kujua.

Mwaka mmoja mvua zilichelewa kukatika, paa likaoza kwenye kona ya upande wa zizi. Mama alinionya nisiikanyage kona ile. Nikaikanyaga. Haukuwa ukaidi, nilikuwa namtazama jirani yetu akimkimbiza mbuzi aliyeondoka na kanga ya mkewe mdomoni, nikacheka, nikarudi nyuma hatua mbili, na hatua ya tatu ikawa ndani ya nyumba. Niliangukia mtungi wa pombe wa bibi. Mkono ukavunjika, mtungi ukavunjika, na jioni ile kilicholiliwa zaidi ni mtungi.

Zahanati ilikuwa mbali, mwendo wa kutoka alfajiri mpaka jua la utosi. Mama alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo aliyenisindikiza ni dada yangu mkubwa. Dada alikuwa ameshaposwa. Watu wa upande wa kijana walishaleta maneno, yakapokewa, ikabaki kupanga ng'ombe. Njia nzima aliimba, nami nalia, akaniambia nilie kwa kufuata wimbo wake ili nisimharibie.

Tabibu wa pale alikuwa mtu hodari, Mungu amrehemu, lakini alikuwa na sauti ya mpiga mnada. Alisimama uani na kupanga watu kwa magonjwa yao. "Macho, huku! Matumbo, huku! Vidonda, nyuma ya vidonda! Kisonono, ukutani!" Na watu walijipanga, maana asiyejipanga hatibiwi. Mimi niliingizwa ndani moja kwa moja kwa sababu mfupa ulikuwa unaonekana. Dada akabaki nje. Jua lilikuwa kali, na ukuta ule ndio peke yake uliokuwa na kivuli na benchi. Akakaa.

Ndilo kosa lake. Alikaa kivulini.

Nilipotoka na mkono umefungwa vijiti, nilimkuta kati ya watu wa ukutani, kapitiwa na usingizi, na uani wapo akina mama watatu wa kijiji chetu waliokuja kwa ajili ya macho. Wagonjwa wa macho, lakini siku hiyo waliona vizuri. Wiki mbili baadaye watu wa kijana wakatuma mjumbe kwamba wanasubiri kwanza mvua. Mvua zikaja zikapita. Dada alikuja kuolewa miaka mingi baadaye, mbali, kwa mtu aliyefiwa na mke, na mpaka anazeeka alikuwa hakai kwenye benchi la hospitali. Husimama.

Sasa, mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake akiwa mtoto ungedhani amejifunza. Ngoja.

Mambo mengi yalipita katikati, siwezi kuyaandika yote. Shule nilifika darasa la pili nikatolewa kuchunga. Kusoma kwangu ni kwa herufi kubwa, moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Namba ndizo nazijua sana, maana mchungaji asiyejua namba atalala nje. Nilichunga, nikauza mbuzi minadani, nikahamia Dodoma mjini, nikajenga mtaa wa Kikuyu wakati viwanja vyake vilikuwa vichaka. Mji ukakua, serikali ikahamia, zikaja gari za vioo vyeusi na vijana wa ofisini wanaochanganya Kiswahili na Kiingereza kama wali na maharage. Miguu ilipochoka na minada nikatafuta kazi ya kivulini. Nikaipata Kizota, zahanati ya daktari mmoja mstaafu, kati ya gereji na mafundi wa mageti. Kufagia, kupiga deki, kumwagilia ua, kuhakikisha tangi lina maji.

Kelele za Kizota ukizisikia mara ya kwanza unadhani vita. Huyu anakata chuma, yule ananyoosha bodi ya gari kwa nyundo, mwingine kafungulia redio ili asisikie nyundo. Kwa hiyo dirishani kwetu kila kitu kilisemwa kwa kupiga kelele. Binti aliyekuwa mapokezi zamani alikuwa mchangamfu, watu walimpenda, lakini ukikaa uani saa moja unatoka na habari za kata nzima. "Nani wa majibu ya mkojo? Mama mwenye mba wa sehemu zile, ingia!" Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilikuwa nyumbani, nimerudi juu ya paa.

Binti yule akaolewa akaondoka, akaja mama mmoja wa huko Chemba, Msandawe, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye ushungi uliobanwa kwa pini moja tu na haulegei hata upepo wa mwezi wa saba uvume. Daktari akamkabidhi dirisha na chumba cha mafaili. Akipigiwa simu na ndugu zake alizungumza kile Kisandawe chao chenye kugonga ulimi, nami nikamtania: "Mama, wewe hata ukizitangaza siri za watu kwa lugha hiyo, hapa Kizota hakuna wa kuzidaka."

Akaniambia, "Babu, yupo. Mungu anaijua."

Nikajua huyu si wa kuchezea.

Wiki ya kwanza alibadilisha mambo, na hakumwomba mtu ruhusa zaidi ya daktari. Majina yakafutwa juu ya mafaili, zikabaki namba. Daftari linalosema namba fulani ni ya nani likaingia kwenye droo yake, ufunguo ukaingia kwenye pindo la gauni. Kuita watu kwa magonjwa kukafa siku hiyo hiyo. Alichukua ubao mdogo wa shule na chaki, anaandika namba, anaunyanyua dirishani. Asiyejua namba anamfuata alipokaa, anainama, anamgusa bega. Faili likienda kwa daktari linabebwa kifuani, maandishi yamegeukia ndani, kama mtu anayebeba sahani ya moto. Ilipoletwa kompyuta, fundi aliiweka ikitazama benchi la wagonjwa. Aliigeuza ikatazama ukuta. Daktari, mzee mwenzangu wa kusahau, akabandika neno la siri la kuifungulia kwenye kioo cha kompyuta. Mama akalibandua, akalichana, akamwambia kwa adabu, "Daktari, nitakukumbusha mimi."

Siku ya kufagia chumba cha mafaili alifungua yeye, akasimama mlangoni mpaka nimalize. Niliona ananidharau. Nilikasirika hasa kwa sababu ya sokoni.

Maana huyu mama alikuwa hasalimii watu. Akiwa zahanati ni mpole, anamwita kila mtu baba, mama, mwanangu. Ukikutana naye sokoni ananunua mlenda, anakupita kama mti. Jumamosi moja nilimwona uso kwa uso na mama mmoja tuliyemhudumia jana yake, tena aliyeshikwa mkono mpaka getini. Akampita. Kwetu hiki ni kitu kibaya sana. Huku bara mtu anaweza kukusamehe ukimla mbuzi wake, lakini umpite bila salamu! Nikasikia watu wanasema, "Anajiona, kwa sababu anakaa kwa daktari." Nami nikaongeza langu moja.

Jumatatu nikamwambia wazi, mimi sijui kuzunguka. "Mama, watu wanasema unaringa. Yule mama wa juzi umempita kama hukuwahi kumwona."

Alikuwa anapanga kadi. Hakuinua macho. "Babu, pale sokoni alikuwa na nani?"

"Na mawifi zake, wawili."

"Ningemsalimia, mawifi wangemuuliza nini?"

Nikafikiri. "Wangemuuliza, huyu unajuana naye wapi."

"Angejibu nini?"

Nikaokota ndoo yangu ya deki.

"Mimi akinisalimia yeye naitikia vizuri sana," akasema. "Lakini sianzi. Sitaki mtu atunge uongo sokoni kwa ajili ya salamu yangu. Wakisema naringa, si wanasema mimi? Wacha waseme."

Nilikwenda kuchota maji ya deki nikasahau ndoo bombani. Mwanamke ameamua kuitwa mringaji mji mzima, na hata wale anaowasitiri hawajui kwamba wamesitiriwa. Mimi hata nikitoa nauli ya mtu natafuta wa kumwambia.

Basi. Sasa naingia kwenye aibu yangu.

Alikuwapo kijana mmoja, fundi wa kuchomelea mageti, gereji yake haifiki hatua mia mbili kutoka kwetu. Kila mwezi, Ijumaa moja, alikuja na miwani yake myeusi ya kazi ikining'inia shingoni, anasalimia kila mzee shikamoo kwa zamu bila kuruka, anakaa, ubao unanyanyuka, anaingia, anatoka na mfuko mdogo wa kaki. Namba yake mia nne na kumi na saba. Sikuitafuta, ubao ulinyanyuliwa kila mwezi na mimi namba hunigandia. Alikuwa anaumwa nini? Sikujua. Nilitamani kujua? Nilitamani.

Na nyumbani Kikuyu nilikuwa na rafiki yangu wa kahawa, mzee mwenzangu, tumejenga pamoja, tumezika pamoja. Ndugu yake alifariki akamwachia binti, akamlea kama wake. Jioni moja, kikombe cha pili hakijapoa, akanisogelea.

"Binti yetu amepata mchumba. Fundi mageti, huko kwenu Kizota."

Akaeleza alivyo. Nikamjua.

"Kijana wa adabu," nikasema.

"Adabu nimeiona. Nimeambiwa pia kwamba kila mwezi anaingia kwenye zahanati yenu. Kila mwezi! Mtu mzima haendi zahanati kama anayelipia kodi."

"Watu wanakuja kwa mengi."

"Ndiyo nataka kuyajua. Wewe unajua taratibu zetu. Kabla ya kupokea mahari tunauliza ukoo: wana kifafa? Wana wendawazimu? Babu yake alikufa na nini? Zamani tungetuma mtu kijijini kwao akae siku mbili anywe pombe na majirani, anarudi na yote. Huyu kijijini kwao ni mbali, na majirani zake wote ni mafundi waliohamia jana. Mjumbe wangu ni nani basi? Si wewe unayefagia humo ndani?"

Nikacheka. "Mimi nisome cha daktari? Mimi wa darasa la pili?"

"Tazama tu. Neno moja utalipata." Kisha akashusha sauti, na hapo ndipo aliponishinda. "Baba yake alinishika mkono akaniambia, mtazame mwanangu. Nitamjibu nini huko mbele?"

Hakuwa mtu mbaya. Nataka msomaji ajue hivyo. Kuuliza ukoo ni kazi ya baba mdogo, asipouliza atalaumiwa yeye. Wala sikuhongwa. Nilijiambia nasaidia yatima. Mtu akitaka kufanya ubaya hakosi yatima wa kusingizia.

Siku ya Jumanne nikawa nafagia chumba cha mafaili, mama kasimama mlangoni kama kawaida. Mara uani ikapigwa kelele, mwanamke kaja na mtoto wa degedege, macho yamepinduka. Mama akakimbia. Hakuwa mzembe, mtoto ni mtoto. Nikabaki na fagio na mafaili yote ya Kizota.

Faili la mia nne na kumi na saba halikunichukua muda. Namba, nimeshasema, ni kazi yangu. Nikalifungua. Mwandiko wa daktari ulikuwa kama nyayo za kuku kwenye matope. Hata angeniandikia jina langu nisingelijua. Lakini pembeni kulikuwa na mstari ninaoujua: kilo. Mwezi kwa mwezi, kilo zake, safu nzima niliyoifuata kwa kidole. Mchungaji akiona uzito wa mnyama kwa miezi kumi hahitaji kusoma zaidi, anaanza kupiga hesabu za afya yake. Nami nikaanza.

Mama akarudi, kifua kimelowa maji aliyompoza nayo mtoto. Alinikuta kidole bado kiko kwenye ukurasa.

"Babu, unafanya nini?"

"Nafuta vumbi."

"La ndani ya faili?"

Nikalifunga faili. Mafundi huko nje, kama wamepangwa, wakazima mashine zao. Mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Umesoma nini?"

"Sijasoma kitu, mama, naapa. Ule mwandiko nani atausoma? Nimeona kilo tu."

"Zilikuwa ngapi?"

Nikazitaja. Hapa sizitaji.

"Na mwezi wa nyuma yake?"

Nikazitaja pia.

"Basi umesoma," akasema. "Kilo zake ni zake."

Alilichukua faili, akahesabu karatasi moja moja, akalirudisha. Akatoa daftari jingine ambalo sijawahi kuliona, akaandika polepole, akaligeuza. "Nimeandika kwamba leo faili hili limefunguliwa na mtu asiyehusika. Weka jina lako." Nikaweka, herufi kubwa zile zile za darasa la pili. Sijawahi kuona jina langu likiwa baya namna ile.

Tukaenda kwa daktari. Daktari akavua miwani, akanitazama, akaona haya kwa niaba yangu. Akasema tuyamalize humu ndani. Mzee amekosa, amekiri, hajasoma cha maana. Mgonjwa akisikia atakimbia, na akikimbia watakimbia na wengine. Maneno ya busara, nami niliyashangilia moyoni.

Mama alikuwa amesimama. "Daktari, faili ni la kwako au la kwake?"

"La zahanati. Lakini ya ndani ni yake."

"Basi ya kwake yameguswa. Atakuja Ijumaa. Ataambiwa."

"Akikimbia?"

"Akimbie akijua, kuliko abaki asijue." Akanigeukia. "Na atakayemwambia ni babu."

Daktari akauliza kama nifukuzwe. Mama akasema hapana, nikifukuzwa nitakwenda kukaa kijiweni na nilichokiona. Nibaki, nifagie nje. Tangu siku ile chumba cha mafaili anakifagia mwenyewe.

Kesho yake, Jumatano, rafiki yangu akachoka kunisubiri akaja mwenyewe. Kavaa koti, kofia, na chini ya kwapa ana kuku wa kienyeji. Akasimama dirishani. Mimi nilikuwa namwagilia maua, yaani nilimwagilia ua moja mpaka likaelea.

"Shikamoo, baba," mama akamwamkia.

"Marahaba, binti yangu. Nimekuletea kuku."

"Anaumwa? Maana hapa tunatibu watu tu."

Benchi zima likacheka, na yeye akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka. Akasogeza uso dirishani. Lakini fundi mmoja alikuwa anakata chuma, ikabidi aseme kwa sauti, na mama akaona hilo, akatoka, akampeleka nyuma penye tangi, mbali na benchi. Hata huyu aliyekuja kuchimba mambo ya mwingine akamsitiri. Kwa bahati mbaya, au nzuri, maua yangu yalikuwa kati ya dirisha na tangi.

Akamweleza yote. Binti wa marehemu, mkono wa marehemu, mahari. "Sikuombi makaratasi, binti yangu. Niambie moja: anakuja hapa au haji?"

"Baba, hapa watu wengi huja."

"Basi niambie ni mzima. Kama ni mzima, kusema mtu ni mzima ni dhambi?"

"Leo nikikwambia fulani ni mzima," mama akasema, "kesho atakuja mzee mwingine kuuliza wa kwake, nami nikanyamaza. Atajua nini?"

Rafiki yangu akafungua mdomo. Kuku akamtangulia kusema.

"Ndiyo maana sisemi hata kwa wazima, baba. Wazima ndio wanaowafunika wengine."

"Kwa hiyo binti wa watu aingie kisimani gizani?"

"Asiingie. Wakitaka, wao wawili waje, kwa miguu yao, wakae mbele ya daktari waulizane yote. Viti viwili vipo." Akatabasamu kidogo. "Cha baba mdogo ndicho hakipo."

Nilitegemea atatukana. Akampangusa kuku mgongoni kama mtoto. Akasema, "Wewe ungekuwa mjumbe wangu, kijiji kizima kisingepata habari." Akaondoka na kuku wake. Sikujua kama alikuwa anasifu au analaumu. Sasa nadhani alisifu.

Jioni kwenye kahawa akanitazama tu. "Wewe je? Uliona?"

Zile kilo zilikuwa mdomoni kama kokoto. Ningezitaja, angehesabu kama mimi, mchungaji kwa mchungaji, na kesho mjumbe angekwenda kwa kijana kusema wanasubiri mvua. Nikamwona dada yangu amelala kwenye benchi la ukutani.

"Sikuona kitu," nikasema. Ulikuwa uongo, na sijautubia.

Ili msomaji asikae na wasiwasi: harusi ilifungwa, mwaka ule ule, baada ya zabibu za mwezi wa nane. Sikualikwa, na walifanya sawa. Nilisikia pikipiki zikipiga honi barabarani, nikatoka na kandambili nikaona gari la maua linapita. Kama wale wawili walikwenda kukaa kwenye viti viwili mbele ya daktari fulani, mahali fulani, sijui. Ninachojua ni kwamba binti alipita pale akicheka, meno yote nje, na ilikuwa kazi yao wenyewe kujua kwa nini. Na mara moja, miezi imepita, nilishindwa kujizuia nikamuuliza mama wa mafaili: yule kijana anaendelea vizuri?

"Babu," akasema, "hapa watu wengi huja."

Nilicheka mpaka nikakaa. Nimefanya kazi na watu wengi, minadani nimeona wababe, nimeona wanaoapa kwa msahafu na kwa Biblia siku moja. Sijaona mtu wa kufunga mdomo kwa hiari yake kama yule, na bado ukimtazama huoni amebeba chochote. Namba mia nne na kumi na saba hajampa mtu mwingine. Wageni wanaandikishwa wanairuka.

Nimetangulia mbele. Nirudi Ijumaa, maana ndiyo niliyokuwa naikwepa.

Alikuja saa zake zile zile, miwani shingoni, masizi kwenye vidole. "Shikamoo babu." Nikaitikia, sauti ikatoka kama ya mtu mwingine. Mama akatoka, akamwambia taratibu kwamba babu ana neno naye, akatupeleka nyuma penye tangi, akatuwekea viti viwili vya plastiki. Kisha akarudi ndani na kufunga mlango, ili hata yeye asisikie.

Nilimweleza. Nilidhani nitazunguka, lakini yalitoka yote: kahawa, baba mdogo, fagio, mtoto wa degedege, kidole. Sikumsingizia yatima. Alikuwa anasugua masizi kwenye kidole gumba, anasugua, hayatoki.

"Umesoma nini, babu?"

"Kilo zako."

"Tu?"

"Tu. Lakini zote."

"Umemwambia nani?"

"Hakuna. Wala sitamwambia."

Akatikisa kichwa polepole, si kwa kukubali wala kukataa. "Nilikuwa nakuja hapa," akasema, "kwa sababu hapa hata jina langu nililisahau." Akajipangusa kidole kwenye suruali. Kisha, "Nani amekwambia uniambie?"

"Mama wa mafaili."

Akalitazama dirisha. Nikasema, "Mwanangu, nisamehe," naye akasema, "Nimekusikia, babu," na hilo si jibu la kitu nilichoomba, lakini lilikuwa la haki.

Alipofika dirishani mfuko wa kaki ulikuwa tayari. Na juu yake bahasha kubwa, imefungwa kwa gundi pande zote, daktari kaweka mhuri juu ya mshono. Yote ya ndani ya faili yamenakiliwa, apeleke atakakotaka. Mama aliiandaa tangu Jumanne. Alijua.

"Ukitaka kubaki, karibu," akamwambia. "Ukitaka kwenda, usianze upya."

Kijana akapokea kwa mikono miwili. Akamwambia asante, kwa heshima kama anayeagana na mama yake. Akanipita nilipokuwa nimesimama na fagio, hakunichukia, hakuniaga. Pale getini akavaa miwani yake myeusi, ingawa hakuna alichokuwa anachomelea, akaiweka bahasha kifuani, maandishi yamegeukia ndani, akashika njia ya gereji. Hakurudi tena.